Kwa Zuhura: soni ya semina na sentensi inayochelewa

Zuhura mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako imefika, na pale unaposema hii ni wiki ya tano hujafungua kinywa kwenye semina nimeparudia mara mbili. Unajiita mwoga. Mimi naona unatibu ugonjwa usio wako.

Shida yako kubwa ni kuchelewa. Anayesoma kwa lugha ya kigeni husikia swali, hulipeleka kwenye lugha yake, hutunga jibu, hulirudisha, kisha huanza kukagua sarufi. Akiwa tayari, wenzake wamekwishahamia jambo jingine. Basi ananyamaza, na moyo unatulia. Utulivu huo ndio mtego: mwili unajifunza kwamba kunyamaza ndiko salama, na wiki inayofuata kinywa kinakuwa kizito zaidi.

Kwa hiyo wahi. Usiku wa kuamkia semina, chagua ukurasa mmoja tu katika mliyopewa kusoma, uandike swali moja lisilozidi maneno 15. Lisome kwa sauti mara 3. Usilirembe. "Ukurasa wa 12 unasema bei hupanda kwanza, mbona jedwali linaonyesha kinyume?" linatosha kabisa. Liulize ndani ya dakika 10 za mwanzo, kabla wasemaji wazoefu hawajashika usukani. Usikariri hotuba nzima, maana neno moja likikuponyoka katikati, yote humwagika. Kariri maneno matatu ya kuanzia tu. Na mada ikikupita, irudishe: "Naomba turudi kidogo kwenye lile jedwali." Hilo ni jambo la kawaida semina, wala si utovu wa adabu.

Lafudhi iache kama ilivyo. Kinachowapoteza wasikilizaji mara nyingi ni mbio: mwenye hofu huharakisha, sauti ikashuka, mwisho wa sentensi ukamezwa. Vuta pumzi kwanza, na neno la mwisho lisikike kama la kwanza.

Kuhusu macho ya watu, kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, uliochapishwa mwaka 2000. Wanafunzi walivalishwa fulana yenye picha ya mwimbaji Barry Manilow, wakaona aibu, wakaingizwa chumbani kwa wenzao. Walikisia kwamba karibu nusu ya waliomo wameitambua picha ile. Kumbe ni kama robo tu.

Halafu nenda kwa mhadhiri saa zake za kuonana na wanafunzi. Chukua ukurasa uliopigia mstari na maswali mawili; dakika 10 zinatosha. Mwambie wazi kwamba unahitaji muda kidogo wa kupanga maneno, na umwombe akikuita aanze na mtu mwingine, wewe ufuate.

Marafiki ni hesabu nyingine. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alikadiria mwaka 2018 kwamba mtu mliyejuana tu huwa rafiki wa kawaida baada ya kama saa 50 za kuwa pamoja. Chama kinachokutana kwa saa 2 kila wiki kitakuchukua wiki 25, muhula umekwisha! Ndiyo maana nakushauri kundi la kujisomea la watu watatu au wanne, mkutane mara mbili kwa wiki, na mkimaliza mle pamoja. Wanaozungumza lugha yako usiwakimbie, hao ndio pumziko lako. Ila semina usikae nao, mtaishia kunong'onezana.

Ukiona umeanza kukosa vipindi, au unashinda na njaa kwa kuogopa kuingia kantini peke yako, usingoje mwisho wa muhula. Mwone mshauri nasaha wa chuo wiki hiyohiyo.

Semina yako ni Alhamisi, sivyo? Nitumie lile swali Jumatano jioni. Maneno yakizidi 15 nitayakata mwenyewe.

Wako,
Mwanaidi