Kuhusu Mwanzo 1 na Mwanzo 2: barua kwa rafiki aliye Kisumu

Nakuru

Ndugu yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu pamoja na za nyumbani kwangu. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kwamba yule kijana wa Shule ya Sabato amekuuliza wazi kama sura mbili za kwanza za Mwanzo zinapingana. Umetaka maoni yangu bila kufichwa. Mtu akizisoma zote mbili kama taarifa ya matukio kwa mfuatano wake, naona zinapingana, ingawa si kila mahali ambapo watu hudai.

Hoja ya mimea, ambayo hutajwa sana, mimi naiona dhaifu. Sura ya kwanza inasema nchi ilitoa majani na miti ya matunda siku ya tatu, kabla ya mwanadamu. Sura ya pili, aya ya 5, inasema mimea ya kondeni haikuwa imechipuka, kwa kuwa mvua haikuwa imenyesha wala hapakuwa na mtu wa kulima. Wanaozipatanisha hujibu kwamba aya hiyo inahusu mazao ya shamba tu, na nakubali jibu lao lina uzito, kwa sababu aya yenyewe inataja mvua na mkulima pamoja. Sisi tuliolelewa na watu wanaongoja mvua za Machi ndipo wapande mahindi hatuhitaji kufafanuliwa zaidi.

Ugumu uko kwa wanyama. Katika sura ya kwanza ndege wanaumbwa siku ya tano, wanyama wa nchi kavu siku ya sita, kisha mtu, mwanamume na mwanamke. Katika sura ya pili mwanamume yumo bustanini tayari pale Mungu anaposema, aya ya 18, kwamba si vema awe peke yake na kwamba atamfanyia msaidizi. Aya ya 19 inafuata na kusema aliwafanyiza wanyama na ndege kutoka ardhini, akamletea Adamu awape majina. Wapo wanaosema kwamba hao walikuwa wameumbwa kitambo na sasa wanaletwa tu. Sikubaliani nao, kwa sababu masimulizi yenyewe yana mwendo wake: upungufu unatajwa, Mungu anaahidi kuuondoa, anafanyiza viumbe, hapatikani hata mmoja wa kumfaa Adamu, na hapo ndipo mwanamke anafanywa kutoka ubavuni. Kuumbwa kwa wanyama ni hatua ya kwanza ya kuitimiza ahadi ile, na ukiirudisha nyuma kabla ya Adamu, umeandika hadithi nyingine.

Usiogope kumwambia kijana hayo. Origen wa Aleksandria, mwalimu wa kanisa la kale, katika karne ya 3 aliuliza ni mwenye akili gani angedhani kwamba siku ya kwanza, ya pili na ya tatu zilikuwa na jioni na asubuhi bila jua, mwezi wala nyota, na Augustino, askofu wa Hippo, alishikilia kwamba Mungu aliumba vyote kwa mara moja. (Hao waliishi karne nyingi kabla ya Darwin na nadharia yake ya mageuzi, kwa hiyo hawakuwa wakimkimbia, kama wahubiri wetu wapendavyo kusema.) Tena waliozipanga sura hizi bega kwa bega walikuwa na macho kama sisi, nao hawakuzisawazisha, kama vile kushindwa kwa Sisera, jemadari wa Wakanaani, kulivyoachwa katika Waamuzi 4 kama habari na katika sura ya 5 kama wimbo. Yesu naye, alipoulizwa kuhusu talaka katika Mathayo 19, alichukua maneno ya Mwanzo 1:27 na ya 2:24 akayaunganisha katika jibu moja, kwa kuwa alichokuwa akikitafuta humo ni maana ya ndoa, wala hakujishughulisha na nani alitangulia kuumbwa.

Najua Kutoka 20:11 inakubana, maana amri ya Sabato imejengwa juu ya siku sita, na kwako wewe Msabato jambo hilo si dogo. Mimi niliyelelewa katika kanisa la Friends (Quaker) kule Kaimosi sibebi mzigo huo, kwa hiyo sitakuhukumu. Lakini hata ukizishikilia siku sita za saa 24, ndege bado wanakungoja, wa siku ya tano katika sura moja na wa baada ya Adamu katika nyingine. Niandikie utakavyomweleza kijana aya ya 19 bila kuiacha nyuma aya ya 18.

Ni mimi rafiki yako wa siku zote.