Barua kwa Mwanangu: Kiti cha Nne

Mama yangu,

Nakuita mama kwa sababu umechukua jina la mama yangu mzazi, na pia kwa sababu tangu ulipojifunza kuinua macho juu kumaanisha ndiyo, mambo mengi humu ndani yanaamuliwa na wewe. Umetimiza miaka 5, nami nimeona nikuandikie mapema habari za mwili wako, ili siku utakapotaka kuzijua usizipokee kwa majirani.

Ulizaliwa kimya. Uchungu ulimshika mama yako muda mrefu kupita kiasi, na ulipotoka hukulia hadi wauguzi walipokupulizia hewa. Katika dakika hizo ubongo wako ulikosa oksijeni, na sehemu inayoamuru misuli ikaumia. Tuliporuhusiwa kurudi nyumbani hatukuambiwa lolote. Ulipofika miezi 6 ulikuwa hujakaza shingo, ngumi umezifumba na vidole gumba vikiwa ndani, na miguu yako ilipishana kama mkasi kila ulipobebwa, ndipo daktari mwingine alipotutamkia neno mtindio wa ubongo. Alitueleza kwamba jeraha lenyewe haliongezeki, ila misuli iliyokakamaa ikiachwa bila kunyooshwa hushindwa kurefuka sawa na mifupa, na kwa hiyo mazoezi yako hayana likizo. Walionielekeza kwa waganga sitawataja. Fedha iliyokwenda huko ingenunua mbao nyingi.

Kiti cha kwanza nilikutengenezea ulipokuwa na miaka 2. Nilikipiga msasa, nikakipaka vanishi mara mbili, nikakibeba hadi kliniki nikitarajia sifa. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuketisha, na kabla hajasema neno ukajikaza mgongo kama upinde, ukateleza hadi kidevu kikafika usawa wa meza. Mimi, fundi wa vitanda vya maharusi, nikabaki natazama sakafu. Akanichorea kiti cha kona nyuma ya karatasi ya dawa: mbao mbili za mgongoni zikutane kwa pembe mraba, ili mabega yaje mbele na mwili usipate pa kujipinda, kati ya mapaja kikae kigogo kilichovishwa sponji, ili magoti yasigongane, na nyayo zikanyage ubao, zisining'inie. Kina cha kikalio kilikuwa sentimita 21.

Kiti hicho kilibadili mlo wako. Awali tulikulisha ukiwa umelala mapajani, kichwa kikiwa nyuma, kwa uji mwepesi ambao tulidhani ndio rahisi kumeza, kumbe uji wa namna hiyo hukimbilia kooni kabla hujajiandaa. Ukapaliwa mpaka machozi yakakutoka, nasi tukasema hupendi kula. Sasa unaketi wima, kidevu kimeinama kidogo, uji ni mzito, kijiko kinagusa katikati ya ulimi, kisha tunangoja ufunge midomo mwenyewe. Bakuli moja huchukua dakika 40. Mama yako hungoja akiimba. Mimi, nikiri tu, hutazama saa.

Bibi yako, somo wako, alishauri tukuchimbie shimo uani, usimamishwe humo hadi magoti yakaze, kama walivyofanyiwa watoto wa zamani. Nilimpelekea mtaalamu habari hiyo kwa aibu, lakini hakucheka. Alisema kusimama kunakufaa, kwa kuwa uzito wa mwili husaidia nyonga kukaa mahali pake, isipokuwa shimo halinyooshi miguu wala halishiki kifua. Ndipo nilipotengeneza stendi yenye mikanda, na bibi yako anaiita mpaka leo shimo la mbao.

Januari utaanza darasa la awali. Mwalimu mkuu amekubali kukupokea, ila alisema madawati yake hayakufai, kana kwamba madawati yameshushwa kutoka mbinguni. Nimemwomba nafasi karibu na dirisha, upana wa mita moja, nami nitaleta kiti chako cha nne chenye meza yake. Kina cha kikalio cha kiti cha tatu kilikuwa sentimita 26, na tayari magoti yako yamekipita.

Jumamosi baada ya chai nitakupima. Najua utacheka tepu ikijirudisha kwa kishindo, na ukicheka mguu wa kushoto utaruka, nami nitalazimika kuanza upya kuanzia nyongani.

Baba yako