Usiishushe giaboksi kabla hujaisikiliza

Ngamiani, Tanga

Swahiba wangu,

Assalaam alaikum. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimekaa kwenye usukani wa gari langu ili nifuatishe unachosema. Hongera sana kwa pikapu, hiyo Hilux ya dizeli. Ila pale ulipoandika kwamba inalia na fundi keshakwambia utafute giaboksi nyingine nzima, nimeshtuka. Nakuomba kwa udugu wetu, mwambie asubiri kwanza.

Mwenzio yalinikuta. Ulikuwa msimu wa machungwa, nami nabeba mzigo kutoka Muheza karibu kila siku. Gari likaanza kulia: likifika mwendo wa 60, uuuu, kama nyuki ndani ya mtungi. Nikalipeleka gereji moja hapa mjini. Wakasikiliza dakika mbili, wakasema giaboksi imekufa. Ikashushwa, ikaletwa nyingine ya mtumba, na hela ya msimu mzima ikaishia hapo. Siku ya kwanza barabarani, kabla sijafika Pongwe, uuuu, ile ile. Sikufichi, nilipaki pembeni machozi yakanitoka.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja fundi wa Chumbageni. Nilipoanza kumwigizia ule mlio akanikatiza: "Mwanangu, usinambie inaliaje. Nambie inalia lini." Tukatoka naye. Tulipofika penye tambarare, nyuma na mbele hakuna gari, akaniambia niweke frii, yaani nitoe gia. Injini ikatulia, lakini mlio ukabaki vile vile, ukawa unashuka kadiri gari linavyopunguza mwendo. Maana yake unafuata magurudumu, haufuati injini. Kisha akaniambia nilipepese gari kidogo: nikikata kulia mlio unapanda, nikikata kushoto unafifia. Ukikata kulia uzito unalalia kushoto. Tukarudi, akapiga jeki nyuma kushoto, akazungusha tairi kwa mkono wake na kiganja changu akakibandika kwenye ekseli. Nilisikia mkwaruzo ukipita chini ya vidole, kama jiwe linasaga mtama. Beringi ya tairi, ile ringi ya gololi inayolifanya lizunguke laini, swahiba! Giaboksi yangu ya mwanzo ilikuwa nzima.

Sasa turudi kwako. Umeandika kwamba gari likiwa frii, injini inawaka, unasikia mlio. Ukikanyaga klachi, unanyamaza. Hiyo ni habari nzuri kuliko unavyodhani. Ukikanyaga klachi, shafti inayopokea nguvu ya injini inasimama, na meno yote ndani yanasimama nayo. Kwa hiyo mlio unatoka kwenye kitu kilichokuwa kinazunguka humo, na mara nyingi ni beringi ya mbele ya shafti hiyo, au beringi za shafti ya chini, ile inayopeleka nguvu hiyo kwenye gia. Hizo zinanunuliwa peke yake. Kama ingekuwa kinyume, yaani inalia ukikanyaga na inanyamaza ukiachia, ningekwambia tazama beringi ya klachi.

Ila kabla hujanunua chochote, fanya hivi. Gari likiwa limesimama kwenye frii, kanyaga mafuta kidogo tu. Kama mlio ni mtetemo mkavu, kokoto-kokoto, na unapotea injini ikichangamka, hayo ni meno ya gia yanacheza kwa sababu dizeli inatikisa ikizunguka polepole. Uache, hauli kitu. Kama ni mngurumo, na unakua pamoja na injini, hapo ni beringi kweli.

Halafu toka nalo kwenye barabara ya Msata asubuhi, huko bonde la Ruvu ni tambarare, na usikilize kila gia. Angalia hasa namba nne. Kwenye Hilux ya gia tano, nne inapeleka nguvu moja kwa moja bila kuibebesha shafti ya chini. Ikinguruma moja, mbili, tatu na tano, halafu nne ikatulia, basi beringi za shafti ya chini ndizo zenye kilio. Ikilia gia moja tu, tatizo ni la gia hiyo, meno yake au beringi yake. Kukwaruza wakati wa kuingiza mbili ni jambo jingine kabisa, ni ringi za shaba za sinkronaiza, zinazolinganisha mwendo wa gia kabla hazijaingiana. Rivasi ikikwaruza usiogope haraka. Kanyaga klachi, hesabu mpaka tatu, kisha ingiza.

Na oili ya giaboksi. Hapa nakusihi, maana watu wengi huliruka. Fungua kwanza nati ya kujazia, ile ya ubavuni, kabla hujagusa ya kumwagia. Ikigoma kufunguka ukiwa umeshamwaga, gari litalala hapo hapo. Tia kidole: oili iguse ukingo wa tundu. Ikiwa iko chini, huenda mlio wote ni kiu. Kisha mwaga kwenye beseni safi, juani, ukachukue ile nati ya chini yenye sumaku. Utakuta tope la kijivu. Lipikiche kati ya kidole gumba na cha shahada. Likiwa laini kama wanja, ni uchakavu wa kawaida wa miaka. Likichoma kama mchanga, chuma kinamenyeka. Ukiona vinametameta rangi ya dhahabu ndani ya oili, vile ambavyo sumaku haivishiki, hiyo ni shaba ya sinkronaiza. Oili ya kujazia nunua ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Zipo zenye dawa kali inayokula shaba, na muuza duka hatakwambia.

Fundi wako usimgombeze, huenda hana nia mbaya. Mpe tu hayo utakayoyaandika: inalia lini, inanyamaza lini. Kama kweli ni beringi, giaboksi itashuka, hilo halikwepeki, lakini ishuke kwa ajili ya beringi na uwepo pale ikifunguliwa. Beringi ya zamani mwambie akupe, itunze. Nitakuja Bagamoyo baada ya mavuno ya mpunga, niizungushe mwenyewe sikioni.

Msalimie shemeji na watoto. Mama anakuulizia kila siku, nimemwambia una gari sasa, anataka kujua utampeleka lini baharini huko Kaole.

Ni mimi swahiba wako.