Harambee kwa ajili ya mgonjwa asiyeweza kusema "naumwa hapa"

Ndugu wapendwa, mbukwenyi.

Aprili 2020, wiki chache baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa Arusha, mdogo wangu alianguka na bodaboda hapa Dodoma, barabara ya Iringa, akitokea Bihawana. Aliumia kichwa upande wa kushoto. Alipozinduka, neno lililomtoka lilikuwa moja tu: maji. Ukimsalimia, maji. Ukimuuliza jina lake, maji.

Wakati ule ndugu hatukuruhusiwa kuingia wodini. Uji tulikuwa tunauacha getini, kwenye chupa tuliyoibandika jina lake kwa plasta. Manesi walikuwa wamezidiwa, na hofu waliyokuwa nayo ni ileile yetu. Kila alipotamka "maji" wakamletea maji. Akasukuma kikombe. Wakaleta tena, akakisukuma mpaka kikamwagika shukani. Ikaandikwa kwenye faili kwamba ni msumbufu, anakataa kunywa. Usiku akafungwa mikono kitandani.

Siku ya tisa mama alipewa dakika chache za kumwona. Akamsemesha Kigogo, polepole, akanyamaza kumsubiri. Kijana akainua mkono wa kushoto, akagusa bega la kulia. Mtulinga ulikuwa umevunjika. Siku zote hizo alikuwa akitaja bega, mdomo unatoa maji.

Hali hii inaitwa afasia. Huwapata walioumia kichwa na waliopatwa na kiharusi, hasa ubongo ukiathirika upande wa kushoto. Akili ya mtu ipo, masikio yanasikia, lakini njia ya maneno imekatika. Mwaka 1861 daktari wa Ufaransa, Paul Broca, alieleza habari za mgonjwa ambaye kila alipotaka kusema alitoa "tan" tu, ingawa alielewa mengi aliyoambiwa. Mimi niliposoma habari hiyo nilimwona mdogo wangu kabisa. Wengine huchanganya hata "ndiyo" na "hapana", kwa hiyo jibu la kwanza lisiaminiwe mpaka uulize tena. Mtu wa namna hii huutegemea uso wa anayeongea naye. Barakoa ikiuficha, na ndugu wanaomjua wakizuiwa getini, anabaki peke yake katikati ya watu.

Kesho yake mama alikata boksi la sabuni, akachora kwa mkaa: kitanda, choo, blanketi, mtu aliyeshika kichwa, mtu aliyeshika tumbo. Akalipitisha getini. Nesi mmoja akalitundika ukutani, na kuanzia siku ile hakufungwa mikono tena.

Ndilo boksi hilo tunalotaka kulizidisha. Umoja wetu wa akina mama hapa Nkuhungu unatafuta shilingi 6,000,000. Mbao 60 za picha, zenye maneno ya Kiswahili na Kigogo, zilizofunikwa nailoni ngumu ili zifutwe kwa dawa baada ya kila mgonjwa, zitagharimu 900,000. Ngao za uso za plastiki angavu 200, midomo ionekane, ni 1,000,000. Vishikwambi vinne, ili mgonjwa amwone mama yake hata wodi ikifungwa, ni 1,800,000. Zilizobaki, 2,300,000, ni za mafunzo ya siku tatu kwa manesi na ndugu 40, na kwangu hili ndilo kubwa kuliko yote, kwa sababu ubao bila mtu anayejua kusubiri ni picha tu. Watajifunza kuuliza swali moja kwa wakati, kuonyesha kwa mkono, na kutopaza sauti, kwani mgonjwa si kiziwi.

Msiseme korona imepita. Machi 2023 homa kali ya kuambukiza ya Marburg ilithibitishwa Kagera, na Januari 2025 ikarudi mkoa huohuo. Siku geti litakapofungwa tena, vifaa hivi viwe vimeshafika wodini.

Tukutane Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, baada ya ibada ya pili, uwanjani kwa kanisa. Wa dini zote mnakaribishwa. Asiye na fedha taslimu alete kuku, debe la mtama, karanga au zabibu, tutanadi palepale. Fundi cherehani mwenye nafasi ya kutushonea mikanda ya ngao aonane na mhazini. Kila anayechanga atapewa stakabadhi, na matumizi yatasomwa kanisani.

Mdogo wangu atakuwa mlangoni akipokea michango. Sasa anaongea, ila maneno yanamjia moja moja. Akikwama, usimmalizie. Msubiri.