Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Mita, Nyaya na Ubunifu wa Wanachama

Ndugu wanachama wenzangu,

Mwaka huu chama chetu kimetumia nguvu zake nyingi katika jambo moja, nami naomba nilitangulize kabla ya mengine: ugezi wa mita za mtiririko, yaani kulinganisha usomaji wa mita za maji yanayopita bombani na kipimo cha uhakika, hauwezi kutenganishwa na utandazaji wa nyaya. Kwa miaka mingi tumegawana kazi, fundi wa vipimo akibaki na bomba na fundi umeme akibaki na waya, na katikati yao mita imekuwa ikihukumiwa kwa makosa yasiyo yake.

Natoa mfano ninaoujua kwa sababu nilihusika. Katika kiwanda kimoja hapa jijini, chumba cha udhibiti kilionesha maji pungufu kuliko yaliyosomeka kwenye uso wa mita yenyewe. Mita hiyo hutuma usomaji wake kwa mkondo wa miliampia 4 hadi 20, ambapo 4 ni sifuri na 20 ni kiwango cha juu kabisa. Tuliambiwa mita ni mbovu, nami nikakubali kubadili kigezo chake, yaani namba ambayo mita huzidisha nayo kipimo chake, ili namba zilingane. Masika yalipokwisha, mita ikaanza kuzidisha. Tulipofunua chemba ya kebo tukakuta kiungio kilichosokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu nyeusi, ambacho wakati wa mvua kilikuwa kikilowa na kuacha sehemu ya mkondo ivuke kutoka waya mmoja kwenda mwingine kabla ya kufika chumba cha udhibiti. Mita inapotuma miliampia 8, yaani robo ya kiwango chake, upotevu wa miliampia 0.16 tu hupunguza usomaji kwa asilimia 4. Kanuni R 49 ya OIML, shirika la kimataifa la vipimo vya kisheria, huruhusu mita ya maji ya daraja la 2 kukosea asilimia 2 katika mitiririko ya juu, na asilimia 5 katika ile midogo. Kiungio kimoja kilikula mara mbili ya ruhusa ya asilimia 2, na mimi nikakiongezea kosa la pili kwa mkono wangu mwenyewe.

Kwa sababu hiyo kamati ya ufundi imeweka utaratibu mpya, ambao nauunga mkono kwa dhati: hakuna mwanachama atakayegusa kigezo cha mita kabla ya kuiamuru itume mkondo unaojulikana, kwa mfano miliampia 12, na kuusoma mkondo huo upande wa pili wa kebo. Ukifika pungufu, kazi ni ya waya. Vilevile kebo ya taarifa isipitishwe pamoja na kebo ya pampu, na skrini yake, yaani ganda la metali linalozizunguka nyaya ndani ya kebo, ifungwe ethi upande mmoja tu. Nyaya zinazosokotwa jozi kwa jozi, ubunifu ambao Alexander Graham Bell aliupatia hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) mwaka 1881 kwa ajili ya simu, bado ndizo kinga nafuu kuliko zote dhidi ya kelele za umeme.

Wanaodhani haya ni mambo madogo wamkumbuke Michael Faraday. Mwaka 1832 alining'iniza vipande vya metali ndani ya mto Thames kutoka daraja la Waterloo, London, akitarajia kupima volti inayozalishwa na maji yanapokatiza usumaku wa dunia. Wazo lake lilikuwa sahihi, na mita za sumakuumeme tunazofunga leo zinafanya kazi kwa kanuni hiyohiyo, lakini vifaa vya wakati wake havikuweza kuitenga ishara hiyo dhaifu. Sisi pia tunashughulika na milivolti chache tu, na mara nyingine hata hazifiki moja.

Karakana yetu ya Gerezani sasa ina tangi la kupimia juu ya mizani, ambamo maji yaliyopita kwenye mita hupimwa kwa uzito ili kuijaribu mita. Jambo lililotusumbua zaidi ni mazoea ya kuhesabu kilo moja kuwa lita moja. Maji yenye joto la nyuzi 30, ambayo ni ya kawaida hapa Dar es Salaam, yana uzito wa takriban kilo 995.7 kwa kila lita 1,000. Ukijumlisha na jinsi hewa inavyoyabeba maji kidogo, mizani ikisoma kilo 1,000 tangini mna zaidi ya lita 1,005. Fundi asiyepima joto la maji ataituhumu mita isiyo na kosa kuwa inazidisha kwa nusu asilimia. Naomba pia ieleweke kwamba tangi letu ni la kujipima na kujifunza, wala halichukui nafasi ya uhakiki wa Wakala wa Vipimo unaotakiwa kisheria.

Kuhusu ubunifu, kazi mbili zimenifurahisha. Ya kwanza ni mlango wa kugeuzia maji kuelekea tangini, wenye swichi ya sumaku inayoanza kuhesabu mapigo ya mita pale mlango unapofika katikati ya mwendo wake. Kanuni yake si ngeni, ila umetengenezwa kwa vifaa vya dukani Kariakoo na mwanachama yeyote anaweza kuukarabati. Ya pili ni konekta yenye diodi ndani (kijisehemu kinachopitisha umeme upande mmoja tu), inayomwezesha fundi kupachika multimita na kusoma mkondo bila kukata waya wala kusimamisha pampu. Nilimwambia mbunifu wake ukweli: baadhi ya mita zinazotoka nje ya nchi tayari zina sehemu ya majaribio ya namna hiyo, kwa hiyo kipya katika kazi yake ni jinsi alivyoiunganisha na kisanduku kisichopitisha maji, na hicho ndicho cha kuombea hataza kwa wakala wa usajili, BRELA.

Hapa nina ombi zito. Hataza hutolewa kwa kitu kipya, na kuonesha kazi hadharani kabla ya kuwasilisha maombi kunaweza kuuondoa upya huo. Mwaka huu nimeona michoro kamili ikirushwa kwenye makundi ya WhatsApp ndani ya saa chache baada ya kukamilika. Tafadhali, andikeni tarehe, tunzeni michoro, na mje ofisini kabla ya kwenda kwenye maonesho ya Sabasaba.

Hesabu za fedha zitasomwa na mhazini, nami sina la kuongeza isipokuwa shukrani kwa waliolipa ada mapema.

Kamati inaleta hoja moja ya kupigiwa kura leo: kwamba sehemu ya ada ya mwaka ujao itengwe kwa ajili ya kupeleka mizani na kipimajoto chetu kwenye maabara ya ugezi ya Shirika la Viwango (TBS), Ubungo, kabla ya masika.