Barua kwa Mbwana: Usiing'oe Redio Kwanza

Dar es Salaam,
Jumamosi, 10 Mei 2025

Ndugu yangu Mbwana,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta wewe, shemeji na watoto mkiwa wazima. Sisi huku hatujambo, ila masika yametuachia madimbwi ambayo gari langu limeyazoea kuliko mwenyewe.

Barua yako imenifikia Jumatano, nami nimeisoma mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilicheka na haikuwa haki kucheka. Unasema fundi wako amekagua gari na kuamua kwamba redio imekufa, na ushahidi wake ni mambo matatu: simu haijai hata ikichomekwa kutwa nzima, skrini inadai tuko mwaka 2005, na tangu mlipobadilisha betri pamejitokeza maandishi ya Kijapani yanayotaka namba ya siri. Anataka shilingi 450,000 aing'oe na kuweka skrini mpya. Nakuomba usimpe jibu kwa sasa. Gari lako na langu ni ndugu, yote mawili yaliundwa Japani mwaka 2011, na maradhi hayo matatu yamenipata mimi kabla yako. Nilichelewa kuyaponya kwa sababu niliyaona kuwa ugonjwa mmoja, kumbe kila moja lina chanzo chake, na la simu halihusiani na kufa kwa redio hata kidogo.

Nianze na simu, kwa kuwa ndiyo iliyokuaibisha njiani. Umeandika kwamba uliichomeka Segera ikiwa na asilimia 30, ukawasha ramani, alama ya kuchaji ikaonekana muda wote, na bado ikazimika ulipokaribia Chalinze, usiku, nawe hujui nyumba ya msiba iko upande gani. Lile tundu la USB lililo kando ya redio halikuwekwa kwa ajili ya kulisha simu. Liliwekwa ili uchomeke flashi yenye nyimbo, nalo hutoa umeme wa kiasi kinachotosha flashi: volti 5 kwa nusu ampea, yaani wati 2.5. Simu ya siku hizi, skrini ikiwa imewaka kwa mwanga mkubwa, ramani ikisoma setilaiti na intaneti ikifanya kazi, yaweza kula zaidi ya wati hizo. Kwa hiyo alama ya kuchaji haikukudanganya, umeme ulikuwa ukiingia kweli, lakini uliingia kama mtu anayejaza ndoo inayovuja kwa kikombe cha kahawa.

Dawa yake ni tundu la kiberiti cha sigara, ambalo hupokea umeme wa betri moja kwa moja, volti 12 injini ikiwa imezimwa na karibu 14 ikiwa inanguruma, na fyuzi yake huruhusu mkondo mkubwa mara nyingi kuliko ule wa tundu la USB la redio. Hapo unachomeka chaja ndogo inayoshusha volti hizo. Lakini chagua kwa macho, Mbwana. Ya kwanza niliinunua Kariakoo kwa bei ya sahani mbili za wali, na juu yake paliandikwa 3.1A kwa herufi kubwa za kujivuna. Nilipovaa miwani nikaona kwamba kiasi hicho ni cha matundu yote mawili kwa pamoja. Isitoshe, kila nilipoichomeka, redio ilianza kukoroma kama paka aliyelala juani, kwani chaja zisizo na vichujio vizuri huvuruga mawimbi ya FM. Niliyo nayo sasa imeandikwa wati zake waziwazi, 18 kwa tundu moja, na simu hupanda huku ramani ikiendelea. Usipoona wati, zidisha volti kwa ampea utazipata.

Waya nao una mambo yake. Nilikuwa na waya wa mita tatu, mwembamba, ili watoto walioko kiti cha nyuma nao waufikie, na simu ilikuwa ikichaji kwa kusuasua hata kwenye chaja nzuri. Waya mrefu na mwembamba hupoteza volti njiani, na simu ikiona volti zimeshuka hupunguza kiasi inachovuta. Nilipouacha na kutumia wa mita moja, mambo yakabadilika siku hiyohiyo. Pia zipo nyaya zenye njia za umeme peke yake, bila zile mbili za kupitishia taarifa. Ukiunganisha simu na redio kwa waya wa namna hiyo, simu itachaji lakini redio itaapa kwamba haioni kitu, na fundi atasema programu imeharibika. Jaribu waya mwingine kabla hujamwamini.

Uliniuliza pia kama wale wenye magari mapya, ya kuweka simu juu ya kibao bila waya, wametuzidi maarifa. Mkwe wangu analo la namna hiyo. Ndani ya kibao mna koili, yaani waya uliozungushwa duara, na nyuma ya simu mna koili nyingine, na umeme huvuka kwa usumaku baina yao, mradi zielekeane sawasawa. Kwenye lami iliyonyooka ni raha tupu. Tukifika kwenye matuta simu inateleza upande, koili zinapishana, na kuchaji kunakatika bila taarifa. Sehemu ya umeme huo pia hupotea kama joto, na simu ikipata moto hujipunguzia yenyewe ulaji ili kulinda betri yake. Saa saba mchana jua likipiga kwenye kioo cha mbele, kibao chake humpa kidogo kuliko waya wangu. Simwambii, maana gari lake bado analilipia mkopo.

Kabla sijaacha habari ya umeme, kuna tuhuma moja ya fundi wako ambayo siikubali. Anasema betri ya zamani iliuawa na chaja ya simu uliyoiacha imechomekwa usiku. Nimefanya hesabu, na wewe utaipima. Betri ya simu yenye mAh 5,000 (miliampea-saa) hubeba nishati ya takriban wati-saa 19. Betri ya gari ya ampea-saa 45, ukizidisha kwa volti 12, ina wati-saa 540. Hata tukisema chaja inapoteza robo njiani, kuijaza simu tupu mpaka pomoni kunachukua chini ya sehemu moja kati ya ishirini ya betri. Betri nzima haifi kwa hilo. Kinachoiua ni kukaa ndani ya gari injini ikiwa imezimwa na swichi ikiwa imefunguliwa, redio, feni na taa zikila kimyakimya, jambo ambalo mimi na wewe tunalijua, kwani tulikaa hivyo saa tatu nzima tukisikiliza mpira.

Sasa nije kwenye maandishi ya Kijapani. Siku walipofungua terminali za betri ili kuweka mpya, redio ilikosa umeme kabisa, nayo imepangwa kuamini kwamba redio iliyokatiwa umeme yaweza kuwa imeibiwa. Basi ikajifunga. Huo si ugonjwa, ni mlinzi anayefanya kazi aliyoajiriwa kuifanya, ila aliyemwajiri yuko Japani, nasi hatukukabidhiwa namba pamoja na ufunguo. Yaliponipata mimi, nilielekeza kamera ya simu kwenye skrini, programu ya kutafsiri ikanisomea kwamba inahitaji namba ya siri, na chini yake palikuwa na namba ya utambulisho ya redio yenyewe. Namba hiyo ndiyo yenye thamani. Niliipiga picha, nikaipeleka kwa fundi wa redio, si fundi wa umeme wa gari, pamoja na kadi ya gari ili ajue ni mali yangu, na baada ya siku mbili akanipatia namba ya kufungulia. Nililipa kiasi kidogo sana ukilinganisha na laki nne na nusu. Usimruhusu mtu yeyote kubahatisha namba, kwani redio nyingi za magari hujifunga zaidi ukikosea mara kadhaa. Na ikifunguka, siku nyingine mnapobadilisha betri mwambie fundi aunganishe betri ya akiba pembeni kabla ya kufungua terminali, ili redio isihisi umeme umekatika.

Redio yangu ilipofunguka nilikuta ndani yake majina na namba za simu za watu wa huko ilikotoka, pengine jamaa wote wa mwenye gari wa kwanza, na orodha ya simu zilizowahi kuunganishwa ilikuwa imejaa, ndiyo maana yangu ilikuwa ikikataliwa kila siku kwenye Bluetooth. Nilizifuta zote. Nawe zifute zako, na siku utakapoliuza gari fanya hivyohivyo, maana sidhani ungependa mtu wa Kahama asome namba ya mama mkwe wako.

Limebaki la mwaka 2005, na hapa naomba univumilie nirefushe kidogo, kwa sababu ndilo lililonifurahisha kuliko yote. Asubuhi ya leo skrini yangu inasema ni tarehe 24 Septemba 2005. Tazama sasa: leo ni Jumamosi, na tarehe 24 Septemba 2005 nayo ilikuwa Jumamosi. Gari limekosea mwaka, mwezi na tarehe, lakini siku ya wiki halikuikosea, na hapo ndipo siri ilipo. Redio hizi huchukua saa yake kutoka kwenye setilaiti za GPS, zilezile zinazoiongoza ramani, na setilaiti hizo hazitangazi mwaka. Hutangaza namba ya wiki, zikianza kuhesabu tangu tarehe 6 Januari 1980. Nafasi ya kuandikia namba hiyo inatosha wiki 1,024 tu, kisha hesabu inarudi sifuri. Ilirudi mara ya kwanza Agosti 1999, na mara ya pili Aprili 2019. Redio ambayo programu yake haikuandaliwa kwa marudio hayo hudhani kwamba bado iko katika duru iliyopita, na hivyo hurudi nyuma wiki 1,024 kamili, ambazo ni miaka 19 na miezi zaidi ya saba. Kwa kuwa ni wiki kamili, Jumamosi hubaki Jumamosi. Hakuna kilichoungua wala kilicholegea, na hakuna spea ya kununua. Aliyeiandika programu hiyo hakutarajia kwamba redio yake ingekuwa bado inaimba taarabu Ilala baada ya miaka yote hii.

Na saa nayo imebaki ya Japani, ambayo iko mbele yetu kwa saa sita. Nilitaka kuirekebisha, mama akanikatalia. Alikuwa amekaa kiti cha mbele tukienda hospitali, akatazama skrini, akaniambia, "Athumani, gari hili ndilo la kwanza kusoma saa kama watu." Nikatazama: skrini iliandika 1:20, nasi tulikuwa saa moja na dakika ishirini asubuhi. Saa sita za kutoka kwetu hadi Japani ndizo saa sita zilezile zinazotenganisha saa ya Kizungu na saa ya Kiswahili. Zaidi ya hayo, tarehe ya gari hubadilika saa kumi na mbili jioni, jua linapozama, kama walivyohesabu wazee wetu ambao usiku wa Ijumaa kwao ulianza Alhamisi magharibi. Tangu siku hiyo sijaigusa.

Yule mwanamke anayesema Kijapani kila unapowasha gari, ambaye wanao humwitikia "marahaba", hakuamkii. Anakukumbusha kwamba hujaweka kadi ya kulipia barabara za Japani. Kifaa chake ni kiboksi kidogo, changu kilikuwa ndani ya droo ya dashibodi, na fundi akichomoa waya wake atanyamaza. Na kwamba hupati vituo vingi vya redio ni kwa sababu FM ya Japani huanzia 76 na zile za zamani huishia 90, ilhali yetu hufika 108. Kuna kidude cha kuhamisha masafa kinachofungwa kwenye waya wa antena, nacho ni cha bei nafuu, ingawa mimi nimeona simu yatosha.

Kwa basi la Jumatatu nitakutumia chaja kama yangu na waya wa mita moja, nimeandika jina lako juu ya bahasha. Wewe nitumie picha ya skrini ikiwa na ile namba ya utambulisho, iwe wazi na isiwe na kivuli cha mkono, nimpelekee yule fundi wangu. Fundi wako mwambie unasubiri jibu la ndugu yako wa Dar es Salaam, asikasirike, kwani bado tutamhitaji kwa breki.

Msalimie sana shemeji, na watoto waambie baba yao mdogo anawauliza habari za shule.

Wako,
Athumani