Chumvi ya Baba

Toronto, Januari

Mama, shikamoo. Kulwa, najua wewe ndiye unayemsomea. Soma polepole, na ukifika panapokuhusu usiparuke.

Sisi huku wazima, watoto wanasoma. Usiku wa kuamkia jana theluji ilianguka sana. Alfajiri nikiwa kituoni nangoja basi, lilipita gari la manispaa likimwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke. Chumvi ya mawe, nyingi, watu wanaikanyaga kwa viatu. Nilisimama nikimwaza Baba hadi basi likaniacha.

Ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Kulwa, ulisema jiwe la kaburi liandikwe jina la ubatizo na la ukoo basi, kwa kuwa "Chumvi" ni jina la kijiweni na watu watacheka makaburini. Naomba usimwambie fundi chochote mpaka barua hii iishe.

Sote tumekua tukiamini lile jina alipewa hapo Kirumba na wazee wa kahawa, kwa sababu akisimulia vita ya Kagera, ile ya kupigana na Amin, alikuwa anatia chumvi. Hata mimi niliamini. Nilipokuwa na miaka kumi na minne nilimwambia mbele ya wageni, "Baba, acha hizo hadithi, watu wanakucheka." Mama, ulikuwepo, ulishika sinia. Hakunigombeza. Alimaliza chai yake, akatoka kwenda mwaloni, na tangu siku hiyo sikumsikia tena akitaja Kagera.

Wiki mbili baada ya msiba Dotto alitoa namba yangu kwa mzee mmoja wa Musoma aliyekuwa naye platuni moja. Alinitumia ujumbe wa sauti mrefu, anakohoa, anapumzika, anaendelea. Hakujitambulisha kwa jina lake. Alisema, "Mimi ni Mguu Pande. Baba yako alikuwa Chumvi." Yaani hilo jina lilitoka jeshini, Mama. Kirumba walilikuta tu.

Anasema walipochukuliwa kwenye mgambo mwishoni mwa 1978, baada ya majeshi ya Amin kuvuka mpaka na kulivunja daraja la Kyaka, platuni ilikuwa na akina Juma watatu na akina Masanja wanne. Afande akiita mmoja, wanaitika wote. Basi kila mtu akapata jina kwa kosa lake la kwanza au tabia yake ya kwanza. Yeye kwenye kwata alikuwa akisikia "mguu sawa" anabaki pande, mpaka afande akachoka. Kulikuwa na Redio, aliyejua habari zote kabla ya taarifa ya habari. Ukichagua jina mwenyewe hupewa, na ukikasirikia ulilopewa ndiyo linaganda. Nimemsikiliza mara nyingi na naona anasema kweli: ni jina ambalo mtu hakujipa, wala mzazi hakumpa, wamempa watu waliolala naye kwenye handaki moja.

Na hawakuwa askari wadogo peke yao, hata makamanda. Mayunga aliitwa Mti Mkavu, Marwa akaitwa Kambale, Walden akaitwa Black Mamba. Musuguri wa Butiama, ambaye tulimzika juzijuzi mwaka 2024 akiwa na miaka 104, aliitwa Jenerali Mutukula, kwa ule mji wa mpakani waliouteka Januari 1979. Hata ile mizinga ya roketi ilikuwa na jina lake, Saba Saba. Hakuna anayesimama leo kusema Mti Mkavu ni jina la kijiweni.

Sasa la Baba. Alipoondoka nyumbani alikuwa bado anakausha sato, na alichukua chumvi ya Uvinza kiasi cha kujaza kiganja, akaifunga kwenye nailoni, akaishonea kitambaa, akaiweka mfuko wa shati. Mama, huenda wewe ndiye uliyeshona. Hakuna aliyejua. Walipokuwa wameshatoka Masaka wanaelekea Kampala walivuka kinamasi, maji yanafika kifuani. Kila mtu ameinua bunduki juu ya kichwa. Baba ameinua bunduki kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ameinua kile kifurushi. Wenzake wakajua ni hirizi. Msukuma na dawa yake, walisema, na wengine wakaanza kutembea karibu naye ili iwafunike na wao.

Walipofika pakavu afande akamtaka aifungue mbele ya wote. Ikatoka chumvi.

Mguu Pande anasema ilipita kimya kidogo. Chakula kilikuwa nyuma, hakijafika. Kwa siku kadhaa walikuwa wanakula ndizi za kuchemsha tu, za mashambani huko, bila kitu. Na Uganda ya wakati ule chumvi na sukari vilikuwa vimeadimika madukani, huwezi kusema utanunua njiani. Baba akazunguka na kile kitambaa, akamwekea kila mmoja kwa ncha za vidole viwili, kuanzia kwa afande. Ilipomfikia mwenyewe ilikuwa imebaki ile iliyogandia kwenye nailoni. Akailamba nailoni. Watu walikula wakiwa hawasemi. Kesho yake afande alipoita majina, alipofika kwake aliita "Chumvi", na Baba akaitika.

Kuna jingine. Mwishoni mwa Machi habari zilifika huko mbele kwamba ndege ya Libya, waliokuwa upande wa Amin, imeipiga Mwanza. Baba hakulala, kwa sababu wewe ulikuwa na mimba ya Kulwa na Dotto. Redio ndiye aliyekuja kusema lile bomu lilikosea, limeangukia kisiwa cha Saanane na kuua swala. Palikuwa na kijana mwingine wa Mwanza, wa Igogo, aliyelia kwa furaha mbele ya watu. Huyo akaitwa Saanane hadi vita ilipokwisha. Mguu Pande hajui alikoishia.

Kwa hiyo Kulwa, wale wazee wa kahawa walisikia jina wakalitafsiri wanavyojua wao, na Baba akawaachia. Nadhani aliona kuwaeleza ni kujisifu. Mimi ndiye niliyemnyamazisha, na siwezi kumwomba radhi tena ila kwa hili jiwe. Liandikwe jina la ubatizo, la ukoo, halafu chini yake, kwa herufi za ukubwa uleule, CHUMVI. Fundi akidai pesa zaidi kwa herufi hizo sita niambie, nitatuma mimi. Ya saruji na kokoto nimeshamtumia Dotto.

Mguu Pande atakuja siku ya kujengea kaburi. Anatoka Musoma na basi la asubuhi, anatembelea fimbo, kwa hiyo mmoja wenu ampokee stendi asihangaike na bodaboda. Alale chumba cha Baba. Mama, mpikieni ndizi za kuchemsha, msizitie chumvi jikoni. Mumwekee pembeni kwenye kisahani, aweke mwenyewe.

Mwanao,
Shija